Karamu za Kifuniko za Ardith Sundvik

Ardith Sundvik aliendesha basi la shule pale Ghuba ya Orlund mpaka watoto aliowabeba wakazaa, na watoto wao akawabeba pia. Ndiyo maana hakuna mtu mzima pale kijijini aliyeweza kumtunishia misuli. Mwenye duka la vifaa akijitia ukubwa, Ardith humkumbusha siku alipojikojolea kwenye kiti cha nyuma. Mchungaji akirefusha maneno, huulizwa mbele za watu, "We si ndiye uliyekuwa ukila chaki?" Alikuwa mwanamke mrefu, mifupa mitupu, na sauti yake ilikuwa imezoea kupita juu ya injini na makelele ya watoto. Alipostaafu alibaki na sauti ileile, hana pa kuipeleka.

Mumewe, Orrin, alikuwa ameshafariki, na hawakujaliwa mtoto. Jamaa yake wa karibu alikuwa Emory, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyekodi ufuo ulio chini ya nyumba ya Ardith. Emory alipanda kombe, wale chaza wa kufukia, mchangani, akawachimba maji yanapokupwa na kuwauza mjini. Kazi nyingine hakuwa nayo, wala hakuitaka. Kila Jumapili yeye na mkewe Janelle na binti yao walikula kwa shangazi, na shangazi aliwasimanga kwa kila kitu huku akiwajazia sahani.

Halafu idara ya afya ikafunga ghuba. Walipima maji baada ya mvua, wakakuta kinyesi, wakakaza kibao chekundu kwa skrubu kwenye nguzo ya gati: kombe wasichimbwe, wasiliwe, wasiuzwe. Sisi watu wa Orlund tulipandwa na hasira kama wenye haki. Tuliwalaumu sili. Tukawalaumu mabata bukini. Tukawalaumu watu wa mahema wanaokuja kiangazi na kuondoka. Kila kiumbe mwenye tumbo alitajwa isipokuwa sisi wenyewe, na ilhali kijiji chetu hakina bomba la majitaka la pamoja hata moja. Kila nyumba ina tangi lake la zege chini ya majani, na kutoka kwenye tangi maji huingia kwenye mabomba yenye matundu yaliyofukiwa bustanini, udongo ukamalizia kuyasafisha. Wengi wetu hatukujua hata tangi liko upande gani wa nyumba.

Emory alijua maana ya kile kibao. Akaenda kukata magogo kwa malipo ya siku, akarudi jioni mgongo umemkatika. Jumapili moja mezani alisema kwamba nyumbani kwa kina Janelle, kule Idaho, baba mkwe ana shamba kubwa la viazi na anahitaji mtu.

"Viazi," alisema Ardith.

"Viazi havifungwi na serikali, shangazi."

"Utakwenda kukaa mahali hakuna bahari, wewe?"

"Nitangoja. Nangoja mpaka ikipita mvua ya mwaka ujao. Wasipofungua hapo, tunaondoka."

Ardith akaenda jikoni kuleta chumvi ambayo ilikuwa tayari mezani. Wiki iliyofuata alijiandikisha kwenye mafunzo ya walinzi wa bahari.

Mafunzo yaliendeshwa na Marisol Quezada, binti mmoja wa idara, mwenye subira ya ajabu na buti za mpira zilizomzidi miguu. Aliwafundisha watu wa kujitolea jinsi ya kuchota maji kwenye chupa bila kuyachafua kwa mikono yao, jinsi ya kusoma kupwa na kujaa, na jinsi tangi linavyofanya kazi. Ardith alishika kila kitu, na asichokielewa aliuliza mpaka wenzake wakaanza kutazama saa. Kisha akarudi kijijini kuhubiri. Aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, akapanga viti, akaandaa picha. Walikuja watu wachache mno, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango.

Hapo ndipo alipopata akili. Watu wa huku hawaji mkutanoni, lakini kwenye pai watakuja hata nyumbani kwa adui. Akatangaza karamu kwake Jumamosi, kahawa na pai ya matufaha, na gari la kunyonya majitaka litakuwepo. Wengine walidhani ni mzaha. Walipofika walikuta meza ina kitambaa cheupe, pai zinafuka mvuke, na hatua chache pembeni kifuniko cha tangi kimeshaondolewa, Ardith amesimama kando ya shimo na tochi.

"Sogeeni," alisema. "Nimewafuta makamasi ninyi wote, leo mnaona haya ya nini?"

Walisogea na sahani zao mikononi. Kwanza waliziba pua, kisha udadisi ukawashinda. Mtu mmoja aliuliza ule utando mzito wa juu ni kitu gani.

"Mafuta ya bekoni. Ndiyo hayo mnayoyamwaga kwenye sinki mkadhani yamekwenda mbinguni."

"Na hivi vitambaa?"

"Vya kupangusia watoto, alivyokuja navyo Janelle."

"Pakiti imeandikwa kwamba vinaruhusiwa chooni, shangazi," alisema Janelle.

"Hata funguo za gari zitapita chooni ukizitupa, mwanangu. Suala ni zinakwenda wapi."

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Marisol akaeleza mambo ya kitaalamu kwa upole, gari likanyonya, na tangi likaonekana zima, halina ufa. Ardith alijivuna waziwazi. Kisha akawashusha wageni mpaka ukingo wa bustani, akawaonyesha kazi ya mwisho ya Orrin. Bustani yao ilikuwa ikituama maji kila mvua, maua ya dalia yakioza mizizi. Orrin alichimba mtaro kukata bustani, akaweka kokoto na bomba, maji yakashuka hadi ufuoni na kutokea chini ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Alimaliza vuli, na kabla ya Krismasi moyo wake ukasimama. Dalia hazikuoza tena.

"Hivi ndivyo mnavyotakiwa kutoa maji ya mvua," alisema Ardith. "Yasikae juu ya mabomba yenu ya majitaka yakaujaza udongo. Mwenye bustani chepechepe afanye kama Orrin."

Watu waliitikia kwa vichwa. Marisol alikuwa juu bado, akimsaidia mwenye gari kukunja mpira wa kunyonyea. Majirani wawili watatu wa mteremkoni waliuliza kina cha mtaro, na kabla ya kiangazi kuisha walikuwa wamechimba ya kwao.

Karamu zikawa fasheni. Hata mimi nilifungua kifuniko changu, na sikuwahi kudhani nitafika umri wa kuona aibu kwa sababu pai yangu ilisifiwa kuliko tangi langu. Watu waliokuwa hawasalimiani walikaa kwenye majani wakilinganisha vifuniko. Matangi mabovu yakagunduliwa na kurekebishwa, moja baada ya jingine. Wenye mbwa wakaanza kuokota mavi yao kwa mifuko. Na maji yakaitika: pande zote za ghuba chupa zilirudi safi, isipokuwa sehemu moja, pale kwenye mdomo wa kijito, kando ya ufuo wa Emory. Pale kila mvua ikinyesha majibu yalikuwa mabaya vilevile.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na Rollie Kvam. Rollie alikuwa mgane, mkaidi, mwenye mbuzi na mbwa wengi na nyumba kuukuu, na hakuhudhuria karamu hata moja. Ukitaka mtu wa kumshuku, Mungu alikuwa amekuandalia. Ardith alimwendea mpaka ugani.

"Rollie, fungua kifuniko."

"Nifungue kwa nini? Nina mgeni wa kumwonyesha?"

"Fungua tuone."

"Mavi ya kale hayanuki, Ardith."

"Ya kwako si ya kale. Yanatoka kila asubuhi."

"Ulikuwa unanipigia kelele nikiwa darasa la pili, na leo bado unanipigia. Nenda kapige honi kwako."

Ardith aliondoka akamshtaki kwa Marisol. Hakumsingizia, alisema alichoamini, na alikiamini kwa nguvu zake zote. Wakaguzi walikuja, wakakuta tangi la Rollie limechoka sana ingawa hawakuona linapovuja. Hilo lilitosha. Kijiji kizima kilimkalia kooni. Dukani watu walinyamaza akiingia. Emory, ambaye si mtu wa maneno, alimpita barabarani bila kupunga mkono. Mwisho Rollie alisalimu amri: mbuzi akawatoa, na ili apate ardhi kavu ya kuweka mabomba mapya akakata mitufaha yote ya mama yake, ile iliyokuwa inaegemea nyumba upande wa kusini. Ardith alipita siku ile akasikia msumeno. Alijisemea kwamba ni uchungu, lakini bahari ni ya wote.

Mvua zikarudi. Chupa za kwanza kutoka mdomo wa kijito zilikuwa mbaya kama za mwaka uliopita.

"Udongo bado una uchafu wake wa zamani," alisema Ardith. "Utaisha."

Haukuisha. Krismasi ikapita, Januari ikapita. Emory alianza kuuza vitu: kreti, mashua ndogo, mashine ya kuchambulia kombe. Ardith aliviona vikiondoka kimoja kimoja kwenye banda, na usiku alikuwa halali vizuri. Ndipo Marisol alipoamua kupima nyumba zote za mteremko kwa rangi. Ni unga wa kijani unaomiminwa chooni. Kama mfumo unavuja, rangi itatokea nje, haina pa kujificha. Nyumba ya Ardith ilikuwa imekaguliwa na kupita, tangi lake limetazamwa na kijiji kizima, na Marisol akasema wataiacha.

"Tia na kwangu," alisema Ardith. "Watu wasije wakasema najipendelea."

Walitia rangi mvua ikinyesha. Nyumba za wengine hazikuonyesha chochote. Siku chache baadaye, maji yamekupwa asubuhi na mvua ingali inadondoka, Ardith alishuka ufuoni na kikapu chake cha chupa. Alizijaza zote. Alipomaliza alikwenda kusuuza buti zake kwenye bomba la Orrin, chini ya ukuta, palipofichwa na magogo yaliyoletwa na mawimbi. Alikuwa akisuuza buti pale kila mara. Aliinua mguu mmoja, akauweka chini ya maji, na maji yalikuwa ya kijani.

Alidhani ni mwani. Akakinga kiganja. Kijani kilekile cha unga wa Marisol kilijaa kiganjani na kupita katikati ya vidole vyake kikaelekea mchangani, kwenye kombe wa Emory, na mkondo wa kupwa ukakisukuma taratibu kuelekea mdomo wa kijito.

Ardith alikaa juu ya gogo lenye maji. Alielewa yote kwa mara moja, kwa sababu alikuwa ameshawafundisha wengine. Tangi lilikuwa zima, naam. Lakini maji yanayotoka kwenye tangi yalikuwa hayapewi muda wa kusafishwa na udongo. Mtaro wa Orrin uliyakata njiani, ukayapokea yangali machafu, na kila mvua ukayateremsha moja kwa moja baharini. Mumewe alikuwa amekausha bustani kwa kuihamishia ghuba kinyesi chao. Na yeye Ardith alikuwa amewaita watu waje watazame.

Hakuna aliyemwona. Alilifikiria hilo, na hakulifikiria kidogo. Kwenye banda lake kulikuwa na mfuko wa saruji. Angeliziba bomba lile kabla ya chakula cha mchana. Maji yangerudi bustanini, dalia zingeoza, na pengine chupa za mwezi ujao zingetoka safi. Emory angebaki. Wangesema ni Rollie ndiye aliyekuwa akichafua, na sasa mabomba yake mapya yameanza kazi. Kila kitu kingekaa sawa, na Ardith angeendelea kuwa Ardith.

Kisha akakumbuka wale majirani waliouliza kina cha mtaro. Mabomba yao yalikuwa yakimwaga maji hukohuko, yamefuata maneno yake, na rangi huenda ilikuwa bado njiani ikija. Angeziba lake, ya wenzake je? Angewaambia nini ili wazibe? Alifunika uso kwa mikono yenye rangi, akaiondoa upesi alipokumbuka ina nini. Alilia kidogo kwa hasira, akimkasirikia Orrin aliyekufa bila hata kuulizwa swali, na akijikasirikia zaidi.

Alimwendea Emory kwanza. Alikuwa bandani akifunga mifuko ya nyavu kwa kamba, tayari kwa mnunuzi.

"Emory, ni kwangu."

"Nini kwako?"

"Uchafu. Ni lile bomba la Orrin. Rangi imetoka pale."

Emory aliendelea kufunga fundo mpaka likaisha. "Pale ninapooshea mikono?"

"Pale pale."

"Nimewahi kunywa maji ya bomba lile, shangazi. Wewe mwenyewe ulisema ni ya mvua."

"Nilisema."

"Misimu miwili," alisema Emory. "Misimu miwili ya mvua nakata miti ya watu, na wewe unakula pai."

 Ardith akamwambia alilojua: kwamba Marisol anasema chanzo kikipatikana na kuondolewa, ghuba itapimwa upya, lakini lazima ipite mvua nzima, msimu mzima wa chupa safi, ndipo wafungue.

"Basi ngoja mvua hiyo tu, mwanangu. Moja tu."

"Mwaka jana nilingoja. Mtoto halishwi kungoja, shangazi. Nimeshampa baba mkwe jibu."

Hakumfokea, na afadhali angefoka. Alimnyooshea kamba amshikie upande mmoja, wakafunga mifuko iliyobaki, kwa kuwa mnunuzi alikuwa anakuja mchana.

Jumamosi hiyo Ardith aliitisha karamu, na safari hii hakufungua kifuniko. Aliwaita watu ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Walikuja na miavuli na pai, wakitaniana, wakidhani ni somo la kombe. Rollie Kvam pia alikuja, kwa sababu Ardith alikuwa amekwenda mlangoni kwake kumwomba, na Rollie alitaka kuona mtu aliyemwomba kitu kwa sauti ya chini ni Ardith yupi. Walipokusanyika Ardith alisogeza gogo kwa mguu. Marisol alikuwa ameongeza rangi chooni siku iliyotangulia kwa ombi la Ardith mwenyewe. Maji yalitiririka ya kijani mbele ya kila mtu.

"Hiki ni choo changu," alisema Ardith, kwa ile sauti ya basi. "Mimi ndiye niliyekuwa nachafua. Nimewaonyesha tangi, nikajionyesha na mimi mwenyewe, na sote hatukuuliza maji yakitoka kwenye tangi yanakwenda wapi. Waliochimba mtaro kama huu, mlichimba kwa sababu yangu. Uondoeni. Rollie hakuwa na kosa. Nilimtangaza kijiji kizima, na leo natangaza kijiji kizima kwamba hakuwa na kosa."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alitazama pai yake akaiweka juu ya jiwe. Wale majirani wa mteremkoni walitazamana na kuanza kuhesabu moyoni, nilimwona mmoja akibadilika rangi. Rollie alisogea karibu na bomba, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Nyani haoni kundule," alisema.

"Haoni, Rollie."

"Nilikata mitufaha ya mama yangu kwa ajili ya maji ya choo chako."

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Ulikata mitufaha ya mama yako kwa ajili ya maji ya choo changu."

Rollie aliendelea kumtazama, mvua ikimdondoka kwenye ukingo wa kofia. Mimi nilidhani atamtemea mate, na angemtemea nisingemlaumu. Badala yake aligeuka akapanda ngazi, na watu wakampisha. Jumatatu alikuja na katapila lake dogo bila kuitwa, akaling'oa bomba la Orrin lote kuanzia bustanini hadi ukutani. Dalia zilitoka na mizizi yake. Ardith alisimama dirishani mpaka mwisho, akaona kila kokoto ambayo mumewe aliibeba kwa ndoo ikimwagwa kwenye tela. Rollie hakuingia ndani kunywa kahawa, wala hakuaga.

Emory na Janelle waliondoka Machi, gari limejaa hadi juu, binti yao amekaa katikati ya magodoro. Ufuo ulikuwa bado wa Emory kwa mujibu wa mkataba, ila kwa hali ile ulikuwa mchanga tu na kibao chekundu. Alimwachia shangazi funguo za banda. Alimkumbatia, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa vizuri, lakini alimkumbatia upesi. Jumapili hiyo Ardith alipika chakula cha watu wanne kwa mazoea, akakila peke yake hadi Jumatano.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Mitaro ya mteremkoni iliondolewa yote. Ardith hakuacha karamu, ingawa watu walitarajia ataacha. Alikwenda nyumba kwa nyumba kama zamani, na kabla ya kugusa kifuniko alianza na habari ya bomba lake, maneno yaleyale, hata kwa wageni waliohamia juzi na hawakumuuliza. Wengine waliona anajidhalilisha. Mimi naona ndipo alipoanza kufundisha. Mvua iliposhuka, alishuka nayo ufuoni kwa kila kupwa aliyopangiwa na Marisol. Goti lilikuwa limeanza kumsumbua. Siku moja aliteleza, na kikapu cha chupa kikachukuliwa mkononi mwake na mtu aliyekuwa nyuma.

"Utavunja shingo," alisema Rollie, "halafu watasema nimekusukuma."

"Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Nimetoka kutembeza mbwa."

"Uliokota?"

Rollie alitoa mfuko mfukoni akauinua mbele ya pua yake. Kuanzia hapo alimbebea kikapu mpaka mvua zilipoisha, wakigombana njia nzima. Kuhusu mitufaha hawakuzungumza tena, na Rollie hakusema kwamba amesamehe. Ukimuuliza hata leo atakwambia hajasamehe.

Chupa zilirudi safi. Novemba safi, Desemba safi, na baada ya ile mvua ya Januari iliyong'oa daraja, safi. Ardith hakumwambia Emory hata moja. Walizungumza kwenye simu mara chache, habari za viazi, habari za meno ya mtoto, na simu ilikuwa ikikatika mapema. Aliogopa kumpa tumaini la bure kwa mara nyingine.

Marisol mwenyewe alikuja na bisibisi, akafungua kibao chekundu kutoka kwenye nguzo ya gati. Watu walipiga makofi. Baadhi yao walikuwa wameshakuja na ndoo na majembe, maana kisheria kuna sehemu ya wazi kwa wote, na wakaanza kuchimba hapohapo wakicheka kama watoto. Ardith aliwaacha. Alipita ufuo wa Emory akaenda polepole, akachimba kidogo kwa vidole, akamwona kombe mmoja, akamfukia tena. Kisha akapanda nyumbani akapiga simu Idaho.

"Wamefungua," alisema.



"Nani kasema?"

"Idara. Kibao kimetolewa leo, kwa macho yangu."

"Na kombe?"

"Hawajaguswa muda wote huo, Emory. Wamejazana, wanene. Sijawahi kuona mfano wake."

Alimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake palikuwa na mlio wa mashine, labda ya kuchambulia viazi, kisha mlango ukafungwa na mlio ukapungua.

"Umeonja, shangazi?"

"Sijaonja."

"Watu wote wanachimba, wewe hujaonja?"

"Wachimbe. Mimi sili kombe wa hapa mpaka uje unichimbie wewe. Na usipokuja, basi, sitakula tena. Ni haki yangu."

Alisema hivyo bila kumsihi, kwa sauti ya kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakaa kimya kumsubiri mwenzake ajibu.

"Janelle," aliita Emory upande wa pili, mdomo mbali na simu. "Njoo hapa. Njoo usikie."